Majina Sabini na Matano

Délégué alibonyeza Enter kwa kidole kimoja tu, kidole safi cha mtu anayekunywa chai ya maziwa kila asubuhi, na watoto sabini na watano wakafutika. Hakuna aliyepiga kelele. Jenereta liliendelea kunguruma nyuma ya ofisi, herufi nyeupe zikajipanga kwenye kioo cheusi cha kompyuta, na Délégué akajinyoosha kwenye kiti ambacho hakikuwa chake.

"Voilà," alisema. "Batoto mia moja makumi tatu na kenda. Sasa tuko na liste propre, liste safi."

Kiti kilikuwa cha Zorobabel Kasonia. Mwenyewe alisimama nyuma, mikono mgongoni, mfano wa mwanafunzi aliyeadhibiwa mbele ya wenzake. Pasteur Gamaliel, mchungaji wake, alisimama kando ya kabati. Kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa karani wa ofisi ile ya kanisa, hapo Butembo, na ndiye peke yake aliyejua kuzungumza na mashini ile. Iliachwa na kijana mmoja Mzungu wa kujitolea, aliyekumbuka kwao ghafla siku risasi zilipoanza kusikika. Haikuwa na vipicha vya kubofya wala rangi za kupendeza. Unaandika amri, inatii. Unakosea herufi moja, inakugombeza kwa Kiingereza. Watu waliicheka. Zorobabel alikuwa ameizoea jinsi mtu anavyozoea mbuzi mkorofi.

Orodha iliyokuwa ndani yake haikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa na watoto mia mbili na kumi na wanne, waliochukuliwa na watu wenye bunduki kwenye barabara ya Beni na mashambani kandokando yake. Kanisa lilikuwa limehangaika miezi mitano, likabembeleza, likaomba, mpaka mkubwa wa kundi lile akakubali: siku ya Alhamisi, katika uwanja mmoja wa mpira huko Beu, mjini Beni, angewaachia watoto ambao majina yao yangesomwa kwenye orodha. Jina likisomwa, mtoto anatoka. Lisiposomwa, anarudi msituni. Leo ilikuwa Jumanne.

"Monsieur le Délégué," Zorobabel alisema, "minaomba kusema. Bale umetosha mu liste hapana badoublons, hapana mutoto mumoja kuandikwa mara mbili. Kila mumoja ni mutoto wake mbali."

"Mais papa!" Délégué aligeuza kiti. Alikuwa mjumbe aliyetumwa na shirika la wafadhili kutoka mbali, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani. "Kambale Sikuli, mara ine. Kakule Mathe, mara tano. Mutoto mumoja, mara tano! Ba-parents bako nafikiri siye tuko bajinga?"

Utamweleza nini mtu wa namna hiyo? Kwa Wanande, wenyeji wa hapo, mtoto hasubiri kutafutiwa jina. Jina ndilo linamsubiri yeye. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na wasichana nao wana mstari wao. Ongeza jina la baba, nalo limeenea vilima vyote toka Lubero mpaka Beni. Ukiita "Kambale!" katikati ya soko la Butembo, nusu ya wanaume watageuka. Kinachowatofautisha ni jina la ubatizo.

Na majina ya ubatizo hayakuwamo. Hapo ndipo roho ya Zorobabel ilipomuuma zaidi, kwa sababu hilo hawakufanyiwa na mgeni. Walijifanyia wenyewe. Walipoanza kuandika orodha, Pasteur Gamaliel alisema majina ya ubatizo yaachwe yote. Ukimwandika mtoto Shekinah au Phinées, kila mtu anajua ni wa Waprotestanti. Kesho Wakatoliki watasema kanisa limewatanguliza watoto wake. Tuandike jina la kuzaliwa na la baba, alisema, ili mbele ya orodha wote wawe sawa. Wazee walipiga makofi. Zorobabel naye alipiga makofi. Halafu kila mstari ukaongezwa umri, kijiji na jina la mama, na hivyo ndivyo walivyotofautisha Kakule Mathe wa Kipese na Kakule Mathe wa Rughenda.

Sasa Délégué alikuwa amekata vijiji. Amekata umri. Amekata mama zao.

"Hatuwezi kupatia commandant nyumba za ba-mama," alisema. "Ni danger." Na kwa hilo alikuwa na haki. Lakini angeweza kuandika orodha mpya kando na kuiacha ya zamani ilale salama. Hapana. Alibakiza jina tupu, akaiamuru mashini ipange majina na kutupa yanayofanana, *sort -u*, vijiherufi vichache tu, kisha akaiweka orodha mpya juu ya ile ya zamani, ikaimeza. Akafagia nakala zote ndogo alizoziona. Akachukua disquette pekee iliyokuwapo ofisini, yenye nakala ya akiba ya Zorobabel, akaifuta pia na kujiwekea orodha yake.

"Sécurité," alisema, akiitia mfukoni. "Liste moja, machine moja."

"Kyakimwa Kasonia," Zorobabel alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Balikuwa babili. Mumoja ni wa Kipese. Mumoja ni mutoto wangu."

Délégué alimtazama, akatabasamu polepole, kama mtu aliyekuta alichokuwa akikitafuta. "Aaah. Donc uko na mutoto mu liste. Na ni weye unaandika liste. Pasteur, unaona? Ile tunaita conflit d'intérêt."

Pasteur Gamaliel alikuwa mtu mwema na mwoga, mchanganyiko ambao umeua watu wengi katika nchi hii. Alitazama sakafu. Halafu akafungua kabati, akatoa muhuri wa kanisa, akaugonga kwenye karatasi ya majina mia moja thelathini na tisa.

Berthe alikuwa akipepeta maharage uani mumewe alipoingia. Ilikuwa saa sita mchana, saa ambayo Zorobabel hakuwa na desturi ya kuonekana nyumbani. Aliweka ungo chini kabla hajaulizwa kitu.

Zorobabel alimweleza yote amesimama. Berthe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Donc Kyakimwa Kasonia anabaki mumoja," alisema.

"Mumoja."

"Na bo kule mu pori bako babili."

"Babili."

"Nani alisema mutoshe majina ya batisimu? Si ni nyiye bakubwa ba kanisa? Mulikuwa munaogopa ba-Catholique batasema nini! Haya. Sasa ba-Catholique na ba-Protestant batabaki mu pori pamoja, bako sawasawa. Muko na furaha?"

Binti yao Kyakimwa, aliyebatizwa Bénie, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitumwa kwa bibi yake huko Beu kupeleka unga, mchana kweupe, pamoja na watu wengine, na hakufika. Unga ulipatikana umemwagika njiani.

"Zile fiches?" Berthe aliuliza, halafu akajishika mdomo, kwa kuwa alijua jibu kuliko mtu yeyote. Karatasi mia mbili na kumi na nne, zilizoandikwa kwa mkono na makatekista, zilikuwa zimechomwa. Askari walikuwa wakipekua nyumba, na mtu aliyekutwa na majina ya watoto mfukoni alipigwa mpaka akasahau jina lake mwenyewe. Pasteur aliagiza zichomwe zikishaingizwa katika mashini. Aliyezichoma ni Berthe, kwenye mbabula, jiko lake la makaa, siku tatu mfululizo. Alizipikia sombe, majani ya muhogo.

"E Nyamuhanga," alisema, akimwita Mungu kwa Kinande. Halafu akafunga kitenge chake upya, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kupigana. "Ile mashini yako. Mutu akifuta kitu ndani, inaendaka wapi?"

Zorobabel alianza kusema kwamba haiendi popote, kwamba imekwisha, na akiwa katikati ya sentensi akanyamaza.

Kwa sababu haikuwa kweli. Mzungu yule, kabla ya kukumbuka kwao, aliwahi kumweleza jambo. Ukifuta faili, mashini haichomi maneno. Inafuta tu mahali ilipojiandikia kwamba maneno yako pale. Yenyewe yanabaki chini, yamelala, mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake.

"Inabakia," alisema. "Berthe, inabakia! Mais tukiandika kitu ingine, hata kidogo, inaweza kukaa juu yake."

"Donc juu ya nini ungali unasimama hapa?"

Ofisi ilikuwa tupu. Délégué alikuwa amekwenda kulala hotelini ili apate nguvu ya safari. Jenereta lilikuwa na mafuta ya saa mbili hivi, na baada ya hapo hapakuwa na mengine mpaka wiki ijayo. Zorobabel alikaa kwenye kiti chake, akakikuta bado kimesogezwa kwa kipimo cha miguu mirefu ya mtu mwingine, akakirudisha kwa hasira.

Kwanza alitazama kama kulibaki nakala yoyote. Kile chombo cha kuandikia huacha kivuli cha faili, chenye alama ya mkia mwishoni. Hakukuwa na kivuli. Délégué alikuwa fundi wa kufagia. Akafungua daftari la Mzungu, lililoandikwa kwa Kifaransa kibovu, akatafuta ukurasa wenye maneno *si tout est perdu*, yaani kama yote yamepotea. Amri iliyokuwapo ilikuwa ya *grep*, ambayo kazi yake ni kutafuta neno. Kila siku Zorobabel aliitumia kutafuta jina ndani ya faili. Hapa iliambiwa iache mafaili kabisa, ikasome diski yenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, kipande kwa kipande.

Aliandika, akiiambia itafute neno Kipese. Mashini ikajibu mara moja.

"Inasema nini?" Berthe aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo, magoti yamebanana.

"Permission denied. Inanikatalia. Inataka mukubwa wake, root."

"Mukubwa wake ni nani?"

"Ni neno ya siri. Iko mu enveloppe, kwa Pasteur."

Berthe aliondoka. Kilichotokea nyumbani kwa Pasteur Gamaliel, Zorobabel alikisikia baadaye kwa wengine. Berthe alisimama uani mwa mchungaji mbele ya wageni wake na kusema: "Pasteur, minakuja kuchukua enveloppe ya mashini. Ao unipatie, ao nitakaa hapa nalia mpaka ibada ya Dimanche, na kila mutu akiuliza nitamwambia ni juu ya nini." Bahasha ilitoka haraka kuliko sadaka inavyoingia.

Walipoteza nusu saa. Neno la siri lilikubali mara ya pili. Zorobabel aliandika amri upya, na diski ikaanza kukwaruza, kr-kr-kr, kama panya ndani ya dari. Walingoja. Dakika kumi. Dakika ishirini. Hakuthubutu kugusa kitu. Mwishowe mstari mmoja ukatokea, mmoja tu.

*Binary file /dev/hda1 matches.*

Zorobabel alipiga meza kwa ngumi.

"Nini tena?"

"Inasema imeiona. Imeona ile neno niliuliza. Mais inakatala kunionyesha, juu inaona kuko na vitu vingine vya kuchanganyikana."

"Imeona, na inakatala kuonyesha." Berthe alicheka kicheko kikavu. "Njo vile bakubwa bote."

Alipekua daftari. Kando ya ukurasa, kwa penseli, Mzungu alikuwa ameandika: weka *-a*, uilazimishe. Akailazimisha. Diski ikakwaruza tena, na safari hii kioo kililipuka. Uchafu wote wa diski ulimwagika: alama, milia, vipembe, mashini ikipiga filimbi mfululizo, na katikati ya takataka hizo, kwa nukta moja, Zorobabel akaona *Kakule Mathe;12;Kipese;* likipita mbio kwenda juu. Halafu hata herufi zake mwenyewe zikageuka. Alichoandika kilitokea kwa michoro ambayo hakuna binadamu angeisoma.

"Imekufa?" Berthe alisimama.

"Haikufa. Imelewa." Jasho lilimtiririka shingoni. Aliandika *reset* bila kuona anachoandika, herufi moja baada ya nyingine, kipofu, akabonyeza Enter. Kioo kikasafika. Herufi nyeupe zikarudi zikiwa na akili zao.

Mkono wake ulikuwa umeshakwenda kuandika amri ya kuhifadhi kile alichokiona ndani ya faili jipya. Ni kazi ya kila siku, vidole vinakwenda vyenyewe. Alivisimamisha hewani. Hapo ndipo majina yangekufa kabisa. Faili jipya lingeandikwa kwenye diski ile ile, na nani ajuaye lingeangukia juu ya mtoto gani?

"Imprimante," alisema. "Berthe, weka makaratasi. Tusiandike kitu ndani. Tuipitishe moja kwa moja kwa karatasi."

Aliipa mashini kichwa cha orodha, yale maneno *LISTE YA BATOTO* aliyoyaandika mwenyewe siku ya kwanza, akaiambia itoe kichwa hicho na mistari mia mbili na kumi na minne inayokifuata, ipeleke kwa printa. Dakika kumi na nane printa ilikaa kimya. Jenereta lilikohoa mara moja, wote wawili wakageukia ukuta uliolificha kana kwamba macho yangelizuia kuzimika. Halafu sindano za printa zikaanza kulia.

Berthe alivuta karatasi kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti ya kanisani. Kakule Mathe, Kipese, mama yake fulani. Kakule Mathe, Rughenda, mama yake fulani. Kila jina lilirudi na mama yake. Alipofika kwa Kyakimwa Kasonia, miaka kumi na mitatu, Butembo, mama Berthe, hakulia. Alisoma pia mstari uliofuata: Kyakimwa Kasonia, miaka kumi na minne, Kipese, mama Rébecca. Mstari wa mia mbili na kumi na nne ulitoka, na dakika chache baadaye jenereta likazimika.

Pasteur Gamaliel alikataa kugonga muhuri. Alikataa kwa upole, akiwapa chai.

"Cachet moja imekwisha kwenda," alisema. "Commandant akiona liste mbili za kanisa, atasema tunamuchezea. Zorobabel, ndugu yangu, tuombe tu."

"Pasteur, miye nimeomba miezi tano. Leo ninaomba cachet."

Pasteur alifumba macho. Zorobabel aliondoka bila kunywa chai, na hotelini nako mlinzi alimwambia Délégué hapokei mtu.

Siku ya Alhamisi yeye na Berthe walifika Beu juu ya lori la kabichi, kwa kuwa katika gari la Délégué waliambiwa hakuna nafasi, ingawa viti viwili vya nyuma vilibeba makoti na chupa za maji. Uwanja ulikuwa umejaa. Wazazi walisukumwa upande mmoja, nyuma ya kamba. Upande wa pili watoto walipangwa kwa mistari, wengi wao, wamevaa matambara, wengine makoti ya askari yanayofika magotini. Afande wa kundi lile alikaa kwenye kiti cha plastiki. Msaidizi wake alishika karatasi yenye muhuri.

Majina yalisomwa kwa mpangilio safi kabisa, kama mashini ilivyoagizwa. Walipofika kwa Kakule Mathe, wavulana watano walitoka mstarini.

"Mbona batano?" Afande aliuliza. "Hapa iko mumoja."

Msaidizi alimshika wa kwanza bega na kumsukuma upande wa wazazi. Wanne waliobaki aliwarudisha kwa fimbo. Mdogo wao alidhani ni makosa, akasimama akionyesha kifua chake: "Miye njo Kakule Mathe! Miye njo Kakule Mathe!" Nyuma ya kamba mwanamke mmoja alianza kupiga mayowe, na askari akamwelekezea bunduki mpaka akanyamaza.

Zorobabel alipita chini ya kamba. Hakukumbuka kuamua. Alimfikia Délégué, aliyekuwa pembeni na kofia yake nyeupe, akamkunjulia karatasi zenye matundu pembeni.

"Hii ni bote. Mia mbili kumi na bane. Na vijiji, na ba-mama. Soma. Batano ba Kakule Mathe, hawa hapa, moja, mbili, tatu, ine, tano!"

Délégué alizitazama. Alizisoma vizuri, mstari baada ya mstari, na Zorobabel aliona uso wake ukibadilika. Aliona kabisa saa ambayo mtu yule alielewa alichokifanya. Ndiyo maana hakumsamehe baadaye. Kama asingeelewa, angemsamehe.

"Haina cachet," Délégué alisema kwa sauti ya chini.

"Na bale batoto, bako na cachet?"

"Papa, sikia. Tukisema tulikosea, atafunga yote. Atarudisha hata bale bametoka. Unataka ile? Mia moja makumi tatu na kenda, ao zéro?"

Msaidizi alisoma kwa sauti: "Kyakimwa Kasonia!"

Wasichana wawili walitoka mstarini, wamekamatana mikono. Mmoja alikuwa Bénie. Alikuwa amekonda na kurefuka, kichwa kimenyolewa. Mwenzake alikuwa mfupi zaidi, na kovu jipya juu ya nyusi.

Afande alichoka na mchezo huo. "Tena babili! Liste yenu ya namna gani? Mumoja tu. Muzazi yake iko?"

Délégué alimgeukia Zorobabel. Hakuwa na kiburi tena. Alikuwa mtu anayetaka jua lizame. "Papa. Wako ni gani?"

Zorobabel alikuwa amekuja kupiga kelele kwa ajili ya sabini na watano. Alikuwa na karatasi zote mkononi, mstari wa msichana yule wa Kipese ulikuwa chini ya kidole gumba chake, na jina la mama yake. Alikuwa amejiandalia maneno tangu Butembo, juu ya kabichi, maneno makali ya Kifaransa. Alifungua mdomo.

"Uyu," alisema, akanyoosha kidole.

Msaidizi alitenganisha mikono ya wasichana wale kwa kuipiga katikati. Bénie alisukumwa mbele. Yule mwingine aliutazama mkono wake. Aligeuka, akarudi mstarini mahali pake, akasimama wima kama alivyofundishwa.

Berthe alimfunika binti yake kwa kitenge na kumkumbatia mpaka wote wawili wakaanguka chini. Baadaye, wakitembea kwenda kutafuta lori, Bénie aliuliza swali moja tu.

"Papa, na ye? Tulikuwa tunalala mu mukeka mumoja."

Jumapili, watu wakitoka ibadani, mwanamke mmoja alipiga hodi kwenye uzio wa Zorobabel. Alikuwa na vumbi mpaka kiunoni. Kichwani alibeba kikapu cha viazi vya milimani, na kwapani kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Bwana asifiwe. Hapa njo kwa Papa Zorobabel?"

"Njo hapa, mama. Karibu."

"Miye ni Mama Rébecca, ninatoka Kipese." Alikuwa akihema na kucheka kwa wakati mmoja. "Ba-jirani balisikia kwa radio. Balisoma majina ya batoto benye balitoka. Kyakimwa Kasonia! Balisoma vizuri kabisa. Nimetembea siku mbili. Nilifika kwa Pasteur, akasema, mutu wa mashini, wa ordinateur, njo anajua mambo yote. Nimemuletea robe ya kuvaa, na viatu. Sijui kama miguu imekomea kupita viatu. Ako wapi?"

Berthe alitokea mlangoni, akarudi ndani upesi na mkono mdomoni. Lakini Bénie alikuwa ameshatoka, na mwanamke yule akamtazama, akatabasamu, akatazama nyuma yake kungoja mwingine atokee.

Kulikuwa na jibu tayari. Délégué alikuwa amelituma ofisini kwa maandishi, na Pasteur alikuwa amelisoma mbele ya wazee kwa sauti ya kufariji: *erreur technique*. Kosa la mashini. Lilikuwa jibu zuri, lisilomlaumu mtu. Zorobabel alilionja mdomoni, akalitema.

"Mama," alisema, "mashini haikukosa. Mashini ilitunza jina ya mutoto wako, na yako pia, mpaka tukaitosha kwa karatasi. Niko nayo hapa. Mutu ya shirika alifuta, Pasteur akagonga cachet. Na kule Beni batoto betu, wako na wangu, balitoka babili. Bakauliza achukuliwe nani. Miye njo nilisema, uyu. Nikamuchukua wangu. Wako akarudi."

Mama Rébecca hakuelewa mara moja. Tabasamu lilikaa usoni mwake muda mrefu kuliko lilivyostahili, kwa kuwa halikujua liende wapi.

"Alikuwa muzima?" alimuuliza Bénie.

"Muzima, mama. Ako na kidonda hapa. Mais imepona."

Mwanamke aliteremsha kikapu. Akaweka kifurushi juu ya viazi, akakinyoosha gazeti lake. Aliposimama tena, alimpiga Zorobabel kofi usoni, kwa mkono wote, na Zorobabel hakurudi nyuma. Watu waliokuwa wakipita na Biblia zao walisimama.

"Unajua ile uwanja," alisema.

"Ninajua."

"Unajua ile afande, na sura yake."

"Ninajua."

"Na kile kidole ungali nacho." Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, lakini haikuvunjika. "Basi twende. Leo, si kesho. Utasimama mbele yake, utanyoosha tena, utasema uyu. Safari hii utasema juu ya wangu. Na kama anakatala, atukatalie siye babili, nikiwa pale."

Berthe alitoka ndani na karatasi zile zenye matundu, zimekunjwa, akampa mumewe bila kumtazama. Uso wa Zorobabel uliwaka. Aliogopa sana, na hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Aliingia ndani kutafuta viatu.